Bwana Msa na Chimbuko la Riwaya ya Upelelezi

Riwaya ya upelelezi katika Kiswahili haikuzaliwa sokoni, wala haikuletwa na mchapaji mwenye tamaa ya faida, bali ilitoka mikononi mwa idara iliyowekwa na Waingereza kwa nia ya kuwapatia watu wa Afrika Mashariki vitabu vya maarifa. Na atakaye kujua asili ya vitabu vyetu vya starehe, hana budi kuanzia hapo.

Idara hiyo ni East African Literature Bureau, iliyoasisiwa mwaka 1948, makao yake yakiwa Nairobi, ikachapisha vitabu na magazeti na kupeleka masanduku ya vitabu hata huko mashamba ya mbali. Kabla yake, msomaji aliyetamani nathari ya kumliwaza alikuwa na hekaya zilizokusanywa Unguja na Askofu Edward Steere na kupigwa chapa London mwaka 1870, na tafsiri za riwaya za Kiingereza, mojawapo ikiwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ushairi wetu ulikuwa na karne kadhaa za adhama. Ama riwaya iliyobuniwa na Mswahili kwa ajili ya Waswahili wenzake, hiyo ilikuwa ingali changa.

Idara ilipotangaza mashindano ya kutunga hadithi mwaka 1957, aliyetwaa nafasi ya kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambaye aliwahi kufanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, akawa mhariri msaidizi wa gazeti la Al-Falaq. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabu mwaka 1960, na ndani yake akatokea Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, ambaye, penye maiti iliyokutwa mzimuni na watu wakakimbilia kusema kuwa ni kazi ya mizimu, yeye alisimama akauliza, akapima, akafikiri.

Wako waliotosheka na kusema kwamba huyu ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, na udugu huo ni dhahiri. Lakini kusema hivyo na kukomea hapo ni kumdhulumu mtungaji. Mafumbo ya Abdulla aghalabu hayafunguliwi kwa kisu chenye damu wala kwa alama za viatu, bali kwa siri ya nasaba: mtoto asiyemjua babaye, ndugu wasiotambuana, ndoa iliyofichwa, na katika mji ambamo mtu huulizwa kwanza ni mwana wa nani kabla hajaulizwa jina lake, hakuna siri inayotetemesha nyumba kuliko hiyo. Fauka ya hayo, alikipa Kiswahili cha baraza za Unguja, chenye kejeli zake, mabishano yake na mizaha yake, haki ya kukaa kitabuni bila ya kusafishwa kwanza, nami naona hiyo ndiyo hidaya yake kubwa kupita zote.

Waliomfuata walihamia mji mwingine na mwendo mwingine. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, riwaya ya Dar es Salaam na askari wa upelelezi wa kazi. Na mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi mwenye bastola anayepigania ukombozi wa Afrika, akasomwa kwa shauku na vijana ambao pengine hawakuwahi kumaliza kitabu kingine chochote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ile, iliyokuwa chini yake, nayo ilikoma, na shughuli zake nchini Kenya zikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Upande wa Tanzania, Ben Mtobwa, mtungaji wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Heko, akawa mtungaji na mchapishaji kwa pamoja. Kwa muda mrefu wasomi wa vyuo walizipita riwaya hizi kana kwamba zilikuwa makaratasi ya kufungia bidhaa, ilhali ndizo zilizowafundisha watu wengi kusoma kwa hiari, bila ya mtihani wala mwalimu. Abdulla mwenyewe hakuacha kuandika. Kosa la Bwana Msa kilitoka mwaka 1984, miaka 24 baada ya kitabu chake cha kwanza, na wasomaji wa Bwana Msa walikuwa bado wapo.