Shaba, Umeme na Lugha ya Kazi: Likasi katika Taaluma ya Sayansi na Jamii

Tangu miaka ya 1970 vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya na Marekani vimekuza uwanja wa masomo ya uzamili unaochunguza namna sayansi, ufundi na jamii vinavyofinyangana. Msingi wake ni mwepesi kuutamka, mgumu kuushika: mtambo hauingii katika jamii kama mgeni aingiavyo nyumbani. Jamii imo ndani ya mtambo tangu ulipochorwa, na mtambo nao huigeuza jamii hiyo. Mifano inayofundishwa aghalabu ni baiskeli ya Ulaya au maabara ya Kalifornia. Mwanafunzi wa Kongo anao mfano ulio karibu zaidi, nao ni mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966.

Ufundi wa shaba haukuletwa huko na Wabelgiji. Wasanga walichimba malakiti, wakaiyeyusha katika tanuri za udongo na kufua misalaba iliyotumika kama fedha. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliyafuata mashimo yaliyokwisha kufunguliwa na wenyeji. Tanuri yake kubwa iliwashwa Lubumbashi mwaka 1911, lakini tanuri hutaka mawe yenye shaba nyingi. Mawe maskini, ambayo Likasi iliyajaza, yalihitaji njia nyingine: kulowekwa katika asidi, kisha shaba kuvutwa kutoka katika maji hayo kwa nguvu ya umeme. Ndiyo elektrolisisi, iliyoanzishwa katika kiwanda cha Shituru mwaka 1929. Umeme ukadai maporomoko. Mto Lufira ukazuiwa huko Mwadingusha, kukatokea ziwa Tshangalele, na mashamba yakawa maji ya wavuvi. Hivyo uamuzi wa kikemia ulibadili hata ramani.

Je, ulibadili na watu? Mnamo 1928 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuja na wake zao. Ni rahisi kusema kwamba mtambo mpya ulidai mikono iliyozoea kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Vifo katika kambi za awali vilikuwa vingi, gharama ya kutafuta vibarua ilipanda, na watawala walichukia kutegemea watu wa Rhodesia ya Kaskazini. Mtambo na hesabu ya fedha na siasa vilisukumana. Anayetaka kujua kipi kilitangulia ameuliza swali lisilo na jibu.

Lugha nayo imo katika fundo hilo. Kiswahili kilikwisha kufika Katanga na misafara ya biashara, nao utawala wa Msiri huko Bunkeya ulikifahamu. Hata hivyo Johannes Fabian, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, ameonyesha kwamba Kiswahili cha migodini hakikuwa tu masalio ya misafara: kilipaliliwa kama lugha ya kazi, kwa sehemu ili kuwatenga wafanyakazi na lugha za kusini. Lugha iliyokusudiwa kwa amri ya kapita ikawa lugha ya ndoa, ya sala, na ya malalamiko. Mgomo wa Desemba 1941 uligusa viwanda vya Panda na Shituru. Amri na upinzani vilikuwa na msamiati mmoja. Baadaye neno la Kiswahili likapewa jimbo zima, lililoitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, liko Shinkolobwe, yapata kilomita 20 kutoka mjini. Mwaka 1915 Robert Rich Sharp alitambua huko mawe yenye uraniamu. Kuanzia 1922 mawe hayo yalisafishwa Olen, Ubelgiji, lakini kilichotafutwa kilikuwa radiamu, iliyonunuliwa kwa bei kubwa na hospitali za Ulaya kwa matibabu ya saratani. Uraniamu ilikuwa kama makapi, iliyofaa kutia rangi vigae na vioo. Jiwe halikubadilika, kilichobadilika ni fizikia na vita. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, alipeleka New York yapata tani 1,200 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Gabrielle Hecht, katika kazi yake ya 2012 juu ya uraniamu ya Afrika, anadai kwamba kitu kuhesabiwa kuwa cha nyuklia hakutokani na fizikia peke yake bali pia na mikataba, vipimo na siasa. Shinkolobwe yathibitisha dai hilo vizuri.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu 1967, ilipodhoofika katika miaka ya 1990, vijana walirudi mashimoni kutafuta kobalti kwa mikono. Mchimbaji hulitambua jiwe kwa rangi na uzito; mionzi haina rangi wala uzito, na kipimo chake hakikuwa mkononi mwake. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004. Julai mwaka huohuo ardhi iliporomoka na kuua watu, maana marufuku haikuwapa riziki nyingine. Mwaka uliotangulia Gécamines ilikuwa imewaondoa kazini zaidi ya watu 10,000.

Nyaraka nyingi za Union Minière zimo Brussels, na karibu zote ni za Kifaransa. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekwisha kuonyesha, kwa kuwasikiliza wafanyakazi na familia zao, ni mambo mangapi nyaraka hizo hazikuyaandika. Mtafiti wa Shituru na Shinkolobwe atahitaji kemia kidogo, Kifaransa cha ofisini, na Kiswahili cha Likasi jinsi kinavyosemwa. Wazee walioingia kiwandani kabla ya 1967 wamebaki wachache.