Bustani ya Amani na Misitu ya Wazee Wetu

Tulisafiri kutoka Same, wachungaji na wazee wa kanisa, kwenda Amani katika Usambara Mashariki. Tulipita Mombo, Korogwe na Muheza, kisha tukapanda mlima hadi kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walipanda hapo miti ya Asia, Amerika na kwingineko, wapate kujua ipi itafaa kwa mashamba ya koloni. Watawala wale wameondoka zamani, miti yao mingi ingali imesimama.

Misitu hii nayo ilitoa kitu. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, jijini Hannover, akaliita Saintpaulia. Leo linapamba madirisha ya Ulaya. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikawa mwanzo wa mashamba tunayoyaona njiani.

Tukiwa tunarudi, mzee mmoja aliuliza, "Mchungaji, wageni walitunza miti yao. Ya kwetu iko wapi?" Gari zima likanyamaza.

Wapare walikuwa na mshitu na mpungi, misitu ambamo shoka halikuingia, kwa hofu ya mizimu. Wamisionari wa Leipzig walifika Upare mwaka 1900, wakatufundisha kwamba Kristo ametuweka huru na hofu hiyo. Walifundisha kweli, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini hofu ilipotoka, mahali pengi shoka liliingia. Hata mikulo ya Shengena imekatwa na watu waliobatizwa. Kisha tunalalamika kwamba ndiva haijai.

Tulimjibu mzee wetu hivi: hatutarudi kwenye mizimu. Ila tusome tena Mwanzo 2:15. Mungu alimpa mwanadamu kazi ya kulima na kutunza bustani kabla dhambi haijaingia duniani. Kutunza msitu, basi, si upagani. Ni kazi ya kwanza tuliyopewa. Babu zetu walitunza kwa hofu. Je, sisi tuliowekwa huru tutashindwa kutunza kwa upendo?

Mzee akasema, "Basi tuanzie kwenye chemchemi." Nasi tukakubaliana kwamba vijana wa kipaimara watapanda miti ya asili huko mvua za vuli zikianza, na wazee watamwagilia pamoja nao.