Madirisha ya Nyumba ya Bibi



Wengi wenu mliozaliwa Maskati, London na Toronto mnaijua nyumba ya Bibi, Mji Mkongwe wa Unguja, kwa picha tu. Wakubwa wetu walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 huikumbuka kwa madirisha yake, yenye vibao vilivyolazwa mshazari ili vipitishe upepo na kuzuia jua.

Mwaka jana nilikwenda kuyatazama. Fundi aliyachoma kwa ncha ya kisu: juu yalikuwa mazima, chini yameoza. Kosa halikuwa la uzee. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Sisi wenyewe tuliupiga lipu ya saruji, unyevu ukanaswa ndani, ukaingia katika fremu.

Fundi alibandua saruji na kurudishia chokaa. Alikwangua rangi, akakata palipooza, akaunga msaji mpya kwa ulimi na tundu.

Wako waliopendekeza alumini. Nawakumbusha kuwa Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mbao hizi ni sehemu ya sura yake. Tena tusikawie: Beit al-Ajaib, jengo la 1883, liliporomoka upande mmoja Disemba 2020.

Manne yamekwisha, saba yanangoja mchango wetu.

Nilipomwonyesha Mama picha, aliniuliza, “Lile la kati, bado linalia likifunguliwa?”

Bado linalia, alhamdulillahi.

Wabillahi tawfiq.