Mita Imesoma Ngapi?

Nilivuka kwenda Makoongwe Jumamosi moja nikiwa na karatasi za watu mfukoni. Zilikuwa kurasa nne za maelezo kwa wateja wa maji, nimepewa nizitie Kiswahili, na nilikuwa nimekwama kwenye neno la pili la kichwa chake. La kwanza lilikuwa mita. La pili lilikuwa smart, lile ambalo Waingereza siku hizi hulipachika kwenye kila chombo chenye betri, kuanzia simu na saa ya mkononi hadi kile kidude cha chuma kilichofukiwa mlangoni kinachohesabu maji.

"Mjomba," nilimuuliza nahodha tulipoiacha bandari ya Mkoani, Pemba, "chombo hiki kina dira?"

Alinitazama usoni kuhakikisha simfanyii mzaha. "Dira ya nini, mwanangu, na Makoongwe ile pale?"

Kweli ilikuwa pale. Kisiwa kinaikabili bandari, na mtu aliyezaliwa hapo hupatanisha mnazi wa mbele na kilima cha nyuma yake akajua alipo hata usingizini. Sikuuliza kwa hofu ya kupotea. Nilikuwa naonja neno.

Katika nyaraka za maji za Tanzania, mita rasmi huitwa dira. Dira ya maji, usomaji wa dira, dira za malipo ya kabla: ndivyo wanavyoandika ofisini. Mtaani mtu atakwambia mita, na msoma mita, na "mita yangu imekufa". Kwa muda mrefu nililiona hilo la dira kuwa neno la kujikweza, mpaka nilipokaa nalo. Dira ni ya mabaharia. Tumeipata kwa Waarabu wa Ghuba pamoja na upepo wa kaskazi, na ukoo wake ni ule wa duara na duru. Ni chombo cha mviringo chenye kioo juu na kitu kinachozunguka ndani, na hakina faida mpaka mtu ainame akitazame. Sasa inama uitazame mita ya zamani ya maji. Aliyeipa jina la dira alikuwa na jicho.

Bahati mbaya neno lenyewe lina kazi nyingi. Taifa lilikuwa na Dira ya Maendeleo 2025, na Julai 2025 ikazinduliwa Dira 2050. Zanzibar nayo ina Dira yake ya 2050. Kwa hiyo mtu akisema "tumeboresha dira" huwezi kujua kama amebadilisha mipango ya nchi au amefunga mita mpya Chake Chake. Mita nayo haina nafuu. Duka la vitambaa linauza mita tatu, na mita ya maji inahesabu mita za ujazo, hivyo mita inapima mita. Watu wamelikwepa tatizo hilo kimyakimya kwa kusema yuniti. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hesabu hiyo haimo katika zile kurasa nne, ingawa ndiyo ya kwanza ambayo mama yeyote mwenye ndoo angeitaka.

Nina mita ya zamani nyumbani, katika kisanduku cha zege chenye mfuniko wa bati. Kuisoma ni shughuli. Unainua bati, unawafukuza sisimizi, unapangusa mchanga, unatemea kioo mate kidogo na kukisugua kwa kidole gumba. Namba nyeusi ni yuniti. Namba nyekundu ni vijisehemu vyake. Pembeni pana kipembetatu kidogo kinachozunguka maji yakipita, hata yakiwa tone kwa tone kutoka mfereji usiofungika vizuri. (Nimesema mfereji. Msomaji wa bara atadhani namaanisha mtaro wa maji machafu. Huku visiwani mfereji ndio huohuo mwenzetu anaouita bomba, na maji ya mfereji ni maji safi kabisa. Mfasiri akilisahau hilo ataandika kijikaratasi kitakachowashangaza watu wa upande mmoja wa nchi.)

Mita ikizeeka huwa kongwe, na hapo jina la Makoongwe lilinichekesha ndani ya boti, ingawa sidai kwamba lina uhusiano na ukongwe wowote. Mita kongwe kwa kawaida humpendelea mteja. Vijigurudumu vyake vikisagika, maji machache hupita bila kuhesabiwa. Lakini palipo na mgao hugeuka. Maji yakikatika bomba hujaa hewa, na yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yake, na mita, ambayo haijui tofauti, huzunguka. Ndipo utakaposikia malalamiko ambayo yamezoeleka Dar es Salaam: tunalipishwa upepo. Baharini angalau upepo ni wa bure.

Lugha ya ofisini ina jina pia kwa maji yanayotoka mtamboni yasifike kwenye ankara: upotevu wa maji. Sipendi jina hilo. Linaweka kwenye kapu moja bomba lililopasuka chini ya barabara, mtu aliyejiunganishia usiku, na bibi ambaye mita yake imechoka. Katika hayo matatu ni la kwanza tu ambalo maji yamepotea kweli. Mengine yamenywewa.

Ila neno ninalolipenda kuliko yote katika biashara hii ni kusoma. Kuna msoma mita, anayekuja na daftari, siku hizi na simu, na yeye ndiye msomaji. Lakini uliza jirani yeyote: "Mita imesoma ngapi?" Atakujibu: "Imesoma 412." Nani kasoma? Mita. Binadamu alisogea pembeni zamani katika sarufi yetu, na hakuna aliyemkumbuka. Wahandisi wametumia miaka mingi na fedha nyingi kufika palepale: mita mpya haingoji mtu. Inasoma yenyewe, kila saa au kila robo saa ikipenda, inatuma namba kwa mtandao wa simu au kwa redio, na ikiona maji yanapita saa nane za usiku nyumba yote imelala, inatoa taarifa kwamba kuna mahali panavuja. Kiswahili kilikuwa kimeshasema.

Basi kwa nini tuliharibu kwa neno janja?

Ndilo nililolikuta katika rasimu iliyonitangulia: mita janja. Najua lilikotoka. Simu ilipoanza kubeba kamera na intaneti, watu wakaiita simujanja, na jina likashika. Lakini simu iko mkononi mwangu. Ujanja wake, kama inao, ni ujanja wangu mimi. Inanisaidia kupata njia, na pia kumkwepa ninayemdai, au tuseme anayenidai. Mita haiko mkononi mwangu. Imefungwa na mwingine, inatuma habari kwa mwingine, na inanisubiri mlangoni. Simu ni janja kwa ajili yangu, mita itakuwa janja juu yangu. Na mjanja kwa Mswahili ni nani? Ni sungura wa ngano, anayekula njugu za shamba zima huku fisi anachapwa.

Kisha kuna suala la sauti. Janja ina vina na punja. Kupunja ni kupunguza kipimo, na Pemba si mahali pa kulichezea neno hilo. Watu hapa wamelipwa kwa pishi ya karafuu mbichi walizozichuma, wakazisimamia karafuu kavu juu ya mizani, na wanajua mkono wa mpimaji unavyoweza kuwa mzito au mwepesi. Katika Qur'ani kuna sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao. Ukimletea mtu kama huyo kitu kinachoitwa mita janja, haitapita wiki kabla watoto hawajaimba mita janja, mita punja. Nami nitakuwa nimeshiriki.

Nilijaribu mengine. Mita erevu: werevu wa nini, chuma hiki? Mita mahiri: afadhali kidogo, lakini umahiri ni wa fundi seremala aliyefanya kazi miaka 30, na mita haijafanya hata siku moja. Mita yenye akili ingenitumbukiza katika ugomvi kati ya wasemao akili mnemba na wasemao akili unde, ambao una watu wake.

Na malipo ya kabla? Kabla ya nini? Kihusishi kimeachwa kikining'inia kama kamba ya ndoo iliyokatika. Wenzetu wa umeme waliliona tatizo hilo mapema. Tanesco walitupa Luku, kwa kirefu Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na leo hakuna anayekumbuka kirefu chake. Luku inanunuliwa, luku inaisha, luku ya jirani inaazimwa. Zanzibar umeme wa namna hiyo unaitwa Tukuza, jina ambalo msikitini lingekuwa nyumbani. Hayo ni majina yaliyoanza na kitenzi, yakaingia midomoni. Maji hayajapata lake.

Kitenzi ambacho maji tayari yanacho ni kufunga, nacho kinanitisha. "Nimefungiwa mita" ni habari njema: fundi amekuja, nimeunganishwa. "Nimefungiwa maji" ni habari mbaya. Zamani hayo yalikuwa matukio mawili na watu wawili, mmoja na spana ya kufungia, mwingine na spana ya kukatia, na wa pili ungeweza kumkaribisha chai na kumweleza hali. Mita mpya za kulipia kwanza zina vali ndani yake. Salio likiisha, kilichofungwa kinafunga. Kiswahili hakihitaji kubadilisha hata kitenzi.

Soweto walilipitia hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mtaa wa Phiri. Johannesburg iliuita mpango wake Gcin'amanzi, yaani hifadhi maji, na kuielewa hiyo amanzi Mswahili hahitaji mkalimani. Kila nyumba ilipata lita 6,000 za bure kwa mwezi, kisha mita ikajifunga hadi yanunuliwe mengine. Wakazi walikwenda mahakamani, na tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikalipa jiji haki katika kesi ya Mazibuko. Ninachokikumbuka katika habari hiyo ni jina. Lilisema hifadhi, na waliosimama mbele ya mfereji mkavu walisikia kitu kingine.

Huku Zanzibar maji yalitoka kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi bila ankara kugonga mlango. Sheria iliyounda Mamlaka ya Maji, ZAWA, ni ya 2006. Mdhibiti wa bara, EWURA, ni wa huduma za nishati na maji. Wetu, ZURA, ni wa maji na nishati. Sijui kama aliyepanga maneno hayo alikusudia, lakini kwa watu wa visiwani mpangilio ni sahihi.

Makoongwe nilifikia kwa shangazi. Alinipa maji kutoka mtungini kwa kata ya kifuu, akajaza nusu, akangoja, akaongeza. Nilimsomea ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeshafuta janja, nikaandika juu yake: mita inayojisoma. Nilijivunia. Ni Kiswahili kilekile cha "imesoma ngapi", kimeongezwa silabi moja tu.

Shangazi aliirudia polepole. "Inayojisoma." Akafunika mtungi. "Sasa ikijisoma ikakosea, tutakwenda kwa nani? Kwa sheha?"

Sikuwa na jibu, na lile lililoandikwa katika ukurasa wa tatu lilikuwa namba ya simu ya kulipia. Kwenye boti ya kurudi niliongeza sentensi ambayo haikuwemo katika Kiingereza, na sijui kama wenyewe wataiacha: inua mfuniko, bonyeza kitufe, utaziona namba zilezile walizonazo wao.