JIWE LA RADI, AU KAZI YA MKONO WA MTU?



Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya alasiri hapa Kariakoo, kijana mmoja mwenye duka alinifungulia kitambaa. Ndani mna kijiwe cheusi chenye ncha, kikali kama wembe. Ameuziwa kwa pesa nyingi, akaambiwa ni "jiwe la radi", akiliweka kwenye droo ya mauzo wateja watajaa. "Shekhe, lina ubaya?"

Nikamwambia, kaa kwanza nikupe historia.

Huko Kabete, karibu na Nairobi, alizaliwa mwaka 1903 mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, Louis Leakey. Akiwa na miaka kama 12 alipewa kitabu kinachosimulia watu wa kale wa Ulaya waliochonga ncha za mishale kwa jiwe la gumegume. Akatoka kuzitafuta. Gumegume lenyewe halijui, akawa anaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa. Wakikuyu waliviita nyembe za mizimu, wakiamini vimeshuka na mvua. Mtoto akavipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi. Naye akamthibitishia kuwa baadhi ni zana za watu wa kale, zimechongwa kwa jiwe la volkano liitwalo obsidiani.

Kumbe mvua haikuzishusha. Iliosha udongo tu, zikaonekana!

Mtoto huyo ndiye aliyekuja baadaye kuchimba Olduvai, hapa kwetu.

Utajuaje kuwa ni kazi ya mtu? Jiwe lililojipasukia huvunjika ovyo. Lililochongwa lina makovu madogo yaliyofuatana ukingoni, mpaka yakatoa makali. Hapo pana mkono na nia. Mja wa Allah alikaa akatengeneza chombo cha kutafutia riziki, kisha akafa. Jiwe halikumzuilia mauti. Wewe litakuzuilia nini?

Sayyidna Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba alitamka wazi kuwa analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume (s.a.w.) akilibusu, naye asingelibusu. Ikiwa hilo ni hivyo, vipi kijiwe cha kwenye droo?

Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa tutembee ardhini tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Basi ukitembea ukakiona kitu cha kale, usikichimbue, usikiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kufanya hivyo bila kibali. Weka alama, toa taarifa. Jiwe lililong'olewa mahali pake ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Kijana akainama: "Basi pesa yangu imekwenda."

Imekwenda, mwanangu. Tawhidi yako isiifuate. Lipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kutoka Kariakoo ni mwendo wa miguu tu.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.