Wino Uliokuja kwa Treni

Wengi wanaijua Mpanda kwa treni, asali na viboko wa Katavi. Mimi naijua kwa kalamu. Ninazo tisa za kujaza wino, za zamani, na zote nimezipata humu humu mjini na vijiji vya jirani: ndani ya masanduku ya bati, kwenye makopo ya misumari, moja imechomekwa kwenye ufa wa ukuta. Marafiki wananicheka. Ati kijana mzima, zama za simu, anahangaika na kalamu mbovu! Wacha wacheke. Hebu nikueleze, msomaji mwenzangu, namna zilivyofika.

Wino haukuanza na treni, hilo tukubaliane. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mtu wa upande wa Timbuktu, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta. Alitibu watu Karema mpaka alipofariki 1956. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, yakachapishwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Tunapobishana vijana kuhusu waandishi wa huku kwetu, mimi naanza na huyo.

Lakini kalamu kukaa mfukoni mwa mtu wa kawaida, hiyo ni kazi ya mgodi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli kutoka Kaliua, kilometa 210, ikafika Mpanda 1950. Mgodi hauendi bila daftari. Majina ya vibarua, uzito wa mawe, posho, faini, yote yanataka karani. Na karani ulimjua kwa klipu inayong'aa kwenye mfuko wa shati. (Kalamu ya risasi, kwa taarifa yako, haina risasi hata chembe, ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Yenye madini hasa ni kalamu ya wino: ncha za nyingi za zamani ni dhahabu ya karati 14.)

Sasa ona historia inavyotania. Mwaka ule ule wa 1950, kule Ufaransa, Marcel Bich akaanza kuuza kalamu yake ya BIC Cristal. Bei poa, haitaki kidau. Tena ukiikandamiza inapenya karatasi ya kaboni, stakabadhi tatu kwa mkupuo mmoja. Ncha ya dhahabu ukiikandamiza hivyo inapanuka kama miguu ya chura. Basi treni ilileta kalamu huku mwuaji wake ameshazaliwa. Mgodi ukafungwa 1960, na kalamu nazo zikaanza kuhamia masandukuni.

Kuzifufua si uchawi, ni subira. Kalamu ya zamani ina kifuko cha mpira tumboni. Mpira ukikaa miaka hamsini unakauka na kuvunjika kama ganda la yai. Unailoweka ncha kwenye maji ya kawaida, kamwe si ya moto, mara nyingine siku tatu, mpaka wino mkavu ulegee. Unakwangua mabaki ya mpira, unavisha kifuko kipya kilichopakwa poda, unakifunga kwa sheleki, ile wanayopigia fanicha mafundi seremala. Gundi ya madukani usithubutu: kesho fundi mwingine atashindwa kufungua. Nasema hivi kwa sababu nimeletewa kalamu zilizogandishwa na watu wenye haraka, na hizo hazina dawa.

Ya tisa ndiyo imenikosesha usingizi. Ni Parker 51, aina iliyoanza kuuzwa 1941. Hii imeandikwa Made in England na kifuko chake ni cha plastiki, walichoanza kukitumia 1948, kwa hiyo kilikuwa kizima kabisa. Ilikuwa ya karani wa mgodi, marehemu sasa, na jina lake limechongwa ubavuni. Aliyeileta ni mjukuu wake wa kike, anaandika mashairi kwenye madaftari ya shule.

"Kaka, inakwaruza," akaniambia. "Nataka iandike kama mpya."

Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Haikuwa mbovu. Ncha ilikuwa imelika upande mmoja, mlalo, kwa miaka ya mkono mmoja. Kwa msasa laini ningeisawazisha nusu saa tu, na huo mlalo ungekwisha. Mnunuzi mmoja wa Dar alishanishauri jina pia lisuguliwe, bei ipande. Jina sikuligusa, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Ila ncha! Kalamu ni ya kuandikia, na binti anataka kuandika. Nani mimi nimzuie kwa ajili ya marehemu?

Nikamweleza yote mawili, nikamwekea msasa mezani. Akaichukua kalamu, akaizungusha vidoleni kidogo kidogo, akijaribu kwenye gazeti, mpaka ikaacha kukwaruza.

"Kumbe babu alikuwa anaishika hivi," akasema.

Akaondoka nayo bila kusuguliwa. Juzi kaniletea shairi nilisome. Herufi zake zote zimelalia kushoto.