Nyumba ya Mawe ya Meru: Kutoka Kiti cha Disii hadi Makumbusho

Nyumba kongwe kuliko zote za mawe mjini Meru ilijengwa kati ya 1916 na 1917 ili iwe ofisi ya mkuu wa wilaya, Disii kama alivyoitwa. Tangu 1974 imekuwa Makumbusho ya Meru. Kwa hiyo anayetaka kuadhimisha nusu karne ya taasisi hii, ambayo sasa imekwisha kutimia na kupita, hana budi kuanza na serikali iliyoisimamisha nyumba hiyo, na vilevile na nyumba nyingine iliyo mbali nayo, kule Nchiru, kwenye barabara ya kwenda Maua. Huko ndiko makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Nyumba hizi mbili zilisemezana, zikategeana na kukopeshana mamlaka kwa miaka mingi, na maisha ya mji wa Meru yamefinyangwa katikati yake.

Habari inaanzia Embu. Mwaka 1906 Waingereza waliingia huko kwa bunduki, wakateka ng'ombe na mbuzi, kisha wakaweka kituo cha utawala. Miaka miwili baadaye, 1908, ofisa mmoja kijana, Edward Butler Horne, alipanda kaskazini akitokea upande huo na kikosi kidogo cha askari hadi kwa Waimenti, tawi la Wameru, akapiga kambi ukingoni mwa msitu. Wenyeji walimpa jina la Kangangi, na hadi leo wazee wengi wa Meru hulijua jina hilo kuliko lile alilobatizwa. Vita vilivyoipiga Embu havikuja Meru. Wazee walikuwa wamekwisha kusikia yaliyowapata jirani zao, wakawazuia vijana wao waliokuwa wameshika mikuki tayari. Uamuzi huo ndio uliofanya utawala wa Meru uanze kwa mazungumzo, japo pande mbili za mazungumzo hazikulingana nguvu.

Ofisi ya mawe ilikuja baadaye, na ilikuja wakati mbaya. Miaka ya 1916 na 1917 ndiyo miaka ambayo Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani Tanganyika, na jeshi lilihitaji wapagazi kwa maelfu. Mwaka 1917 msako wa kuwakusanya ulifika kila wilaya, na wanaume wa Meru na Embu wakachukuliwa kwenda kubeba risasi na unga katika nchi wasiyoijua. Wengi waliuawa na kuhara na malaria kabla ya kuonana na adui. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki kwenye mitaa ya Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Kuta za ofisi ya Meru zilipanda huku nguvukazi ya wilaya ikishuka kwenda vitani. Sijui kama kuna jiwe la msingi linaloweza kusema zaidi ya hilo.

Kazi ya nyumba ile wanaijua wote waliosimuliwa na babu zao: kodi ya nyumba, kesi, vibali, na kuanzia miaka ya 1920 kipande, kile kikopo cha chuma ambacho mwanamume alikivaa shingoni kikiwa na karatasi ya alama za vidole vyake na majina ya mabwana aliowatumikia. Mtu alitoka Tigania au Igoji kwa miguu, akaketi chini kungoja aitwe, na mara nyingi tarishi alimwambia arudi kesho. Karani alikuwa mtu mkubwa, na mkalimani mkubwa zaidi, maana neno la Disii lilipitia kinywani mwake kabla ya kumfikia mwananchi, na la mwananchi vivyo hivyo.

Kuizunguka ofisi ukaota mji. Wahindi wakafungua maduka ya nguo, chumvi na mabati. Waislamu wakakaa Majengo, kama walivyokaa Majengo ya Embu. Wamethodisti wakaanzisha misheni yao Kaaga, nje kidogo tu ya mji, na Wakatoliki wa shirika la Consolata wakaja nao kutoka Italia, kila upande ukijenga shule ili usizidiwe na mwenzake. Embu nayo ilikuwa na misheni ya Kianglikana ya Kigari, na mjini wazungu wakajipatia Izaak Walton Inn, hoteli iliyopewa jina la mwandishi Mwingereza wa karne ya 17 aliyesifu uvuvi wa ndoana. Haikuwa ajabu, kwa kuwa mito inayoshuka Mlima Kenya ilitiwa samaki aina ya trauti ili mabwana wapate la kufanya Jumamosi. Meru ilikuwa na Pig and Whistle, vibanda vya mbao ambamo maofisa na wageni walikunywa mbali na macho ya wenyeji. Majina hayo mawili yamewashinda waliokuja na bendera, na wenyeji huyatamka bila kujiuliza.

Mwaka 1925 serikali iliunda mabaraza ya wenyeji ya wilaya. Mwenyekiti alikuwa Disii mwenyewe, na wajumbe wengi walikuwa machifu aliowateua. Baraza lilitoza ushuru, likajenga barabara na zahanati, likapitisha sheria ndogondogo, ila kwa Wameru lilikosa kitu kimoja: halikuwa Njuri. Mzee wa Njuri Ncheke hakuteuliwa na serikali. Alipanda ngazi kwa umri, kwa ng'ombe aliowatoa, kwa siri alizozishika na kwa kujulikana kuwa neno lake halina kona. Mwanamke hakuingia, na kijana hakuingia. Kesi ya ardhi iliyokatwa na Njuri ilikatika kweli, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kiapo, na kiapo kiliogopwa kuliko faini ya Disii.

Ofisa aliyelielewa jambo hili kuliko wote ni H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1940. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu Lambert kwa sababu nyingine kabisa: ndiye aliyechunguza lahaja za pwani yetu, Kivumba, Chijomvu na Kingare, na akaandika juu yake. Huku bara alifanya kazi ya namna hiyohiyo. Alisikiliza. Aliona kwamba serikali ilikuwa ikipambana na chombo ambacho kingeweza kuifanyia kazi, akataka Njuri itambuliwe rasmi katika utawala wa wilaya. Kikwazo kilikuwa kanisa. Wamisionari waliona katika Njuri sadaka na viapo vya kipagani, na Mkristo aliyetaka kuingia alihesabiwa ameasi. Basi ikatafutwa njia ya Mkristo kuapishwa bila sadaka, na Philip M'Inoti, mmoja wa wahubiri wa mwanzo wa Kimethodisti katika Meru, akawa miongoni mwa waliounganisha madhehebu na Njuri. Wapo wanaosema Lambert aliiokoa Njuri. Mimi naona aliiokoa na kuifunga kamba kwa mkono uleule. Chombo ambacho hapo awali kilikuwa kikijikutanisha chenyewe kikaanza kungoja kuitwa na ofisi ya mawe.

Wakati huohuo uchumi uligeuka. Hadi miaka ya 1930 Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa ya arabika, maana masetla walisema magonjwa yangeenea, na wasichokisema ni kwamba waliogopa kukosa vibarua. Serikali ilipolegeza kwa majaribio, ilichagua Kisii, Embu na Meru, wilaya zilizo mbali na mashamba makubwa ya wazungu. Miche michache ikawa mashamba, mashamba yakazaa vyama vya ushirika na viwanda vya kumenyea kando ya mito, na pesa za kahawa zikalipa karo. Mawakili, walimu na mapadri wengi wa kizazi cha uhuru katika eneo hili wanaweza kuonyesha kwa kidole shamba lililowasomesha.

Ukweli kwamba Njuri ilikuwa imefungwa kamba ulijitokeza waziwazi mwaka 1956. Hali ya Hatari ilikuwa bado, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakipekuliwa pasi zao kila njia panda, na Musa Mwariama na wapiganaji wake wa Mau Mau walikuwa msituni, asitoke hadi uhuru ulipopatikana 1963. Mwezi wa Aprili 1956, kwa msukumo wa mkuu wa wilaya, wazee wa Njuri Ncheke walipitisha kwa kauli moja kwamba kukeketa wasichana ni marufuku Meru yote. Kwenye karatasi ulikuwa ushindi wa nyumba zote mbili. Vijijini mambo yakawa mengine. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kukeketana wenyewe, wakijiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, wasichana, wanaume na wanawake zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo, na faini zikalipwa.

Mtu wa leo hawezi kulisoma jambo hili kwa wepesi. Ukeketaji ulidhuru na unadhuru, na sheria ya Kenya ya 2011 inaupiga marufuku nchi nzima. Lakini wale wasichana walikuwa wakiwajibu wazee wa kiume na ofisa wa kigeni waliokaa wakaamua juu ya miili yao bila kumwita hata mama mmoja. Jibu lao lilikuwa la kujiumiza, na lilikuwa jibu.

Mwaka uliofuata, Machi 1957, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Mkoa wa Kati aliyeruhusiwa kupiga kura ni yule tu aliyekuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali, na vyeti hivyo vilikuwa vingi zaidi Meru kuliko Kiambu au Murang'a. Hivyo ndivyo mwalimu wa Kimeru, Bernard Mate, alivyomshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka 1944. Mwaka 1958 Jeremiah Nyagah wa Embu naye akaingia. Siasa ya wilaya mbili hizi ikawa na sura zake Nairobi, na Disii akaanza kuwa mtu wa kupita.

Uhuru ulipokuja, Meru na Embu zilitolewa Mkoa wa Kati na kutiwa katika Mkoa wa Mashariki, na Embu ikapewa makao makuu. Ni mji mdogo uliotawala mkoa mkubwa ajabu, kutoka Machakos na Kitui hadi Marsabit na Moyale mpakani mwa Ethiopia. Mtu wa Moyale aliyetaka kumwona mkuu wa mkoa alisafiri siku nzima na zaidi kwa lori, akapita Meru, ndipo afike. Wameru hawakulimeza jambo hilo kirahisi, na utani wake haujaisha.

Kwa hiyo mwaka 1974, ofisi ya zamani ilipofunguliwa kuwa makumbusho, Meru ilikuwa mji wenye biashara kubwa na cheo kidogo. Uchaguzi wa nyumba ulikuwa na kejeli ambayo sidhani kama ilikusudiwa. Katika vyumba ambamo mila za Wameru zilihojiwa, zikatozwa faini na kuandikwa kwenye majalada, sasa mila hizo ndizo zilizowekwa zitazamwe: mavazi, silaha, vyombo, maelezo ya jando. Zipo pia shoka za mawe zilizookotwa Lewa, zilizochongwa na mikono ya watu wa kale mno, nzito, zenye ncha upande mmoja na kitako cha kushika upande wa pili. Watoto wa shule huzitazama shingo upande, kisha hukimbilia nje.

Nje kuna boma la Kimeru lililojengwa kwa mtindo wa zamani, na bustani ya mitishamba, na ndani yake mmea ambao hauhitaji kibao cha maelezo kwa mtu wa huku: miraa. Mtoto wa Igembe atakuonyesha vichipukizi vinavyochumwa na vile vinavyoachwa, na kwa nini mafungu huviringishwa katika majani ya mgomba yasikauke njiani kwenda Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, na kutoka huko kwenda Mogadishu. Uholanzi iliupiga marufuku mmea huu mwaka 2013 na Uingereza ikafuata 2014, na hasara ikahesabiwa Maua kabla haijahesabiwa London. Hapo ndipo makumbusho haya yanapokuwa ya sasa, katika kichaka hicho kimoja chenye soko, kesi na siasa zake.

Katiba ya 2010 ilifuta mikoa, na tangu 2013 Meru, Tharaka Nithi na Embu ni kaunti, kila moja na gavana na bunge lake. Mabunge haya hayakukawia kuonyesha makucha. Gavana wa kwanza wa Embu, Martin Wambora, ndiye gavana wa kwanza nchini kung'olewa na bunge la kaunti na Seneti, mwaka 2014, ingawa mahakama ilimrudisha. Meru, Gavana Kawira Mwangaza alinusurika katika Seneti mara mbili na kuondolewa mara ya tatu, Agosti 2024. Kati ya majaribio hayo wazee wa Njuri Ncheke walijitokeza kupatanisha. Hawakusikilizwa sana. Nchiru yenyewe imebadilika, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake 2013, kipo huko kwenye ardhi iliyotolewa na wazee hao, na wasichana wanasomea uhandisi karibu na nyumba ambayo mama zao hawakuruhusiwa kuingia.

Taasisi iliyovuka miaka 50 inaruhusiwa kudaiwa. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 14 mwaka 1956 sasa amepita 80. Anakumbuka duka aliponunulia wembe, anakumbuka jina la chifu aliyemtoza baba yake faini, na pengine anakumbuka kungoja kusikilizwa kesi. Wanahistoria wamewahoji baadhi yao, na maneno yao yamo katika vitabu vya Kiingereza vilivyochapishwa ng'ambo. Makumbusho haya yana vyumba, yana wafanyakazi wanaojua Kimeru, na yana haki kuliko mahali pengine popote ya kuzirekodi sauti hizo na kuziweka humohumo, kabla ya mwenye kusimulia wa mwisho kuondoka.